MICHEZO YA VIDEO NA VYOMBO VYA STAREHE NYUMBANI: NANI ANAMCHEZESHA NANI?

Utangulizi

Katika mapambano ya itikadi hakuna uwanja mdogo. Makada wetu wengi hujiandaa kujibu hoja zinazotolewa jukwaani na magazetini. Hawajiandai kujibu hoja inayoingia nyumbani kimyakimya, ndani ya boksi lenye picha ya baba, mama na watoto wawili wanaocheka. Makala hii inahusu boksi hilo: mashine ya michezo ya video, televisheni inayoionyesha, sola inayoiwasha, na mkopo unaolipia vyote vitatu.

Wapo watakaouliza kama jambo hili lina uzito wa kutosha kujadiliwa hapa. Jibu ni kwamba kijana aliyepata nafasi ya kukaa mbele ya kioo hukaa hapo saa nyingi kuliko anazokaa katika darasa la siasa, na katika saa hizo anafundishwa. Mwalimu wake hana sura wala jina, hatoi hotuba, wala hamkaripii mtu. Humpa kanuni tu, na kanuni hizo mtoto huzitii kwa hiari yake, tena kwa furaha. Hakuna tabaka linalotawala ambalo halingependa kuwa na mwalimu wa namna hiyo.

Kwa hiyo yafaa tujiulize maswali matatu. Kwanza, vyombo hivi vinatoka wapi na faida yake inakwenda kwa nani? Pili, kanuni za michezo yenyewe zinafundisha nini? Tatu, je, wananchi wanaweza kuvitumia vyombo hivi kwa maslahi yao, au njia pekee ni kuvikataa?

Mjadala wa Kidete

Maswali haya sikuyapata maktabani. Niliyapata nyumbani Kidete, Wilaya ya Kilosa, nilipokwenda likizo. Kidete ni mahali pa reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914, kwa jasho la watu wetu na kwa faida ya wengine. Tangu hapo bidhaa nyingi za kigeni zimeshuka pale stesheni: taa za chemli, baiskeli, cherehani, redio. Safari hii nilikuta kibanda cha gemu. Mwenye kibanda ana televisheni mbili na mashine mbili za PlayStation zilizokwishatumika, na watoto hulipa shilingi 200 kwa mechi moja.

Nilialikwa kwenye mkutano wa tawi kuzungumza juu ya malezi ya vijana. Mzee mmoja, ambaye ni mjomba wangu na ambaye tunamheshimu sana, alisema kibanda kile kifungwe, kwa sababu kinawavuta watoto kutoka shambani na shuleni. Nami, kama mkufunzi, nikaunga mkono kwa hotuba ndefu kuhusu kasumba na ubeberu wa utamaduni. Nilipomaliza, kijana mmoja akanyoosha mkono, akasimama kwa adabu, akauliza: "Samahani mwalimu. Umewahi kucheza, hata mara moja?"

Nikasema hapana. Watu wakacheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Kada anayekosoa jambo asilolifanyia uchunguzi hana tofauti na mganga anayetoa dawa kabla ya kumwona mgonjwa. Hivyo jioni tatu mfululizo nilikwenda kibandani, nikalipa shilingi 200 zangu kama wengine, nikashika pedi. Mtoto wa darasa la sita alinifunga mabao sita kwa bila. Yanayofuata ni matokeo ya uchunguzi huo, pamoja na kusoma na kufikiri kulikofuata.

Makosa yetu ya jana

Kabla ya kuwanyooshea wengine kidole, hapana budi tujikosoe. Nchi yetu ilikwisha kukutana na suala la vyombo vya elektroniki vya nyumbani, na ilijibu kwa njia mbili zilizo tofauti kabisa.

Njia ya kwanza ilikuwa ya redio. Mwaka 1966 kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, na redio na betri za National zikatengenezwa hapa hapa nchini. Redio ilikuwa bidhaa ya kibepari kama bidhaa nyingine. Lakini mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, chombo hicho kilipangwa upya katika matumizi yake. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, redio moja katikati, kitabu mkononi, na kiongozi wa kikundi aliyefunzwa kazi hiyo. Walisikiliza, wakajadili, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Marehemu baba yangu alikuwa kiongozi wa kikundi kimojawapo. Alipenda kutuambia kwamba katika kampeni ile redio ilikuwa inazungumza robo ya muda, na watu robo tatu.

Njia ya pili ilikuwa ya kufunga mlango. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Televisheni nayo ilizuiwa Tanzania Bara, wakati Zanzibar ilikwisha kuanzisha televisheni yake ya rangi mwaka 1973. Sababu zilikuwepo na zilikuwa nzito. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na haikuwa haki mkulima wa pamba alime ili mkubwa wa mjini aangalie picha. Hata hivyo, miaka ishirini ya kufunga mlango haikutumiwa kuwafunza mafundi, waandishi wa programu na watengenezaji wa picha. Milango ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, na vituo binafsi vya televisheni kuanza Bara mwaka 1994, tuliingia sokoni tukiwa walaji tu. Waliokuwa tayari ni wafanyabiashara. Makada walikuwa bado wanasubiri waraka.

Fundisho hapa ni moja. Mlango uliofungwa bila maandalizi hufunguliwa na mwingine, kwa masharti yake. Wale wanaotaka leo kibanda cha Kidete kifungwe wanarudia njia ya pili wakati njia ya kwanza ndiyo iliyozaa matunda.

Uchumi wa boksi

Sasa tuangalie boksi lenyewe. Mashine ya kwanza ya michezo ya video iliyouzwa kwa matumizi ya nyumbani ni Magnavox Odyssey, iliyotoka Marekani mwaka 1972. Mbunifu wake, Ralph Baer, alianza kazi hiyo mwaka 1966 akiwa mhandisi wa Sanders Associates, kampuni iliyoishi kwa kandarasi za kijeshi. Ndiyo kusema chombo cha kuchezea watoto kilianza kuumbwa pembeni mwa viwanda vya silaha, katika miaka ile ile ya vita vya Vietnam.

Japani, kampuni ya Nintendo, iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, ilitoa mwaka 1983 mashine iliyoipa jina la Family Computer, yaani kompyuta ya familia. Tulitazame jina hilo kwa makini. Kilichouzwa hapo ni zaidi ya mashine. Ni ahadi kwamba familia iliyochoshwa na kazi za kiwandani na ofisini itakutana tena jioni mbele ya kioo. Ubepari kwanza huivunja familia kwa saa za kazi, kisha huiuzia familia hiyo hiyo kifaa cha kuikutanisha. Mwaka 2006 kampuni hiyo ilirudia ahadi ile kwa mashine ya Wii, iliyotangazwa kwa picha za mababu na wajukuu wakicheza sebuleni.

Mwaka huo huo wa 1983 ulitoa pia somo la uchumi ambalo kila mwanafunzi wa siasa anapaswa kulijua. Makampuni ya Marekani yalikuwa yametengeneza kaseti za michezo nyingi kupita uwezo wa soko. Kampuni ya Atari ilipakia shehena za kaseti zisizouzika kwenye malori, ikazifukia katika jalala la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico. Mwaka 2014 jalala hilo lilifukuliwa, na kaseti zikaonekana kwa macho. Huo ndio mgogoro wa uzalishaji uliokithiri unaosomwa vitabuni. Bidhaa iliyoundwa kwa kazi ya binadamu ilizikwa ardhini wakati watoto wengi wa dunia hawakuwahi hata kuishika, kwa kuwa kuwapa bure kungeharibu bei.

Tuje karibu na nyumbani. Ndani ya mashine hizi, kama ndani ya simu na kompyuta, mna vipande vidogo vya kuhifadhi umeme vinavyotengenezwa kwa tantalamu, madini yanayopatikana katika koltani. Koltani nyingi hutoka mashariki ya Kongo, kwa ndugu zetu tunaosema nao Kiswahili. Mwishoni mwa mwaka 2000, mahitaji ya viwanda vya elektroniki yalipopanda ghafla, katika mwaka ule ule PlayStation 2 ilipoingia sokoni, bei ya tantalamu iliruka mara kadhaa, kisha ikaporomoka mwaka 2001. Mwaka huo wa 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa taarifa juu ya uporaji wa madini ya Kongo uliofanywa chini ya kivuli cha vita. Mwaka 2024 mji wa Rubaya, wenye machimbo makubwa ya koltani wilayani Masisi, uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Si kweli kwamba gemu ndiyo iliyoleta vita Kongo, na kada asiseme hivyo. Lakini ni kweli kwamba mtoto wa Masisi anayechimba na mtoto wa Kidete anayebonyeza pedi wako katika mnyororo mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyealikwa pale bei ilipopangwa.

Mkopo unaojifunga

Mnyororo huo una pingu nyingine iliyo karibu zaidi. Tangu miaka ya 2010 makampuni kadhaa yameuza vijijini mwetu sola pamoja na taa, redio na televisheni kwa mkopo unaolipwa kidogo kidogo kwa simu. Tuseme ukweli, mwanga huo ni maendeleo. Watoto wanasoma usiku, na koroboi imeondoka. Lakini kifaa hicho kina ufunguo, na ufunguo uko kwa mwenye kampuni. Siku zikipita bila malipo, kinajifunga chenyewe kutoka mbali.

Nyumbani kwa kaka yangu nilikuta televisheni ya namna hiyo, na chini yake gemu ndogo ya Kichina yenye pedi mbili. Televisheni ilikuwa imezima. Shemeji akaniambia, "Imejifunga, baba. Mpaka tuuze mahindi." Gunia mbili zilikuwa zimekwisha kuuzwa kabla ya bei kupanda, ili kulipia mwezi uliotangulia. Nikamuuliza kaka kama alisoma mkataba. Alisema aliuona kwenye simu ya wakala, kwa haraka, akaambiwa abonyeze moja.

Hapa ndipo suala la starehe linapogeuka suala la tabaka. Mkulima hupata fedha kwa msimu. Mtu wa Kidete aliyeona mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yakisomba mashamba, nyumba na reli anajua kwamba hata msimu huo hauna uhakika. Mkopo hauna msimu. Unadai wiki hadi wiki, kama kwamba mkulima ni karani anayepokea mshahara. Kwa hiyo humlazimisha auze mazao wakati bei iko chini, na mlanguzi wa mahindi hufaidi bila kujua hata jina la kampuni ya sola. Mirija miwili, mmoja wa biashara ya mazao na mwingine wa starehe, hukutana katika ghala la mtu mmoja. Na tazama mambo yalivyokaa. Watoto wa kaka yangu, wenye gemu yao wenyewe nyumbani, walikuwa kibandani wakisubiri zamu.

Itikadi ya kanuni

Sasa tuingie ndani ya mchezo. Makosa makubwa ya wakosoaji wetu ni kutazama picha na kusahau kanuni. Wanaona bunduki, wanalaani. Wanaona mpira, wananyamaza. Lakini itikadi ya mchezo imo hasa katika kanuni: ni tendo gani linalolipwa, ni lipi linaloadhibiwa, na ni lipi ambalo haliwezekani kabisa.

Mfano bora hauhitaji umeme. Mwaka 1904 mwanamke wa Kimarekani, Elizabeth Magie, alipata hataza ya mchezo wa ubao alioubuni kuonyesha jinsi wamiliki wa ardhi wanavyotajirika kwa kodi na jinsi wapangaji wanavyofilisika. Ulikuwa mchezo wa kuwafumbua watu macho. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilianza kuuza mchezo uliotokana na huo kwa jina la Monopoly, ikimtangaza mtu mwingine kuwa mbunifu wake, na haki ya Magie ikanunuliwa kwa dola 500. Ubao ulibaki karibu vile vile: kuzunguka, kununua, kudai kodi. Kilichobadilika ni maana ya ushindi. Kilichokuwa kielelezo cha dhuluma kikawa sherehe ya dhuluma, na familia nyingi duniani zimekaa mezani kushangilia kufilisiana. Huo ni ushahidi kwamba kanuni zile zile, zikibadilishiwa lengo, hufundisha kinyume cha zilivyokusudiwa.

Mchezo wa kandanda niliocheza Kidete una sehemu mbili. Ya kwanza ni mechi. Humo nilikuta mambo mema ambayo hotuba yangu haikuyajua. Mchezaji anayeng'ang'ania mpira peke yake hupokonywa; anayetoa pasi hufika golini. Watoto wawili wakicheza upande mmoja huelekezana kwa sauti, na mkubwa humfundisha mdogo bila kuombwa. Hilo ni somo la umoja, na lisikataliwe kwa sababu limetoka ng'ambo.

Sehemu ya pili ni ya umeneja. Humo kila mchezaji ni bidhaa yenye bei. Humnunua, humtumia, akizeeka humuuza. Nyasi daima zimekatwa, lakini hakuna mkata nyasi. Jezi daima ni safi, lakini hakuna afuaye. Hakuna mgomo, hakuna mshahara uliocheleweshwa, hakuna kijana wa Kiafrika aliyetelekezwa na wakala katika mji wa baridi. Kazi imefutwa, mtaji ndio uliobaki. Mtoto anayezoea kucheza hapo hajifunzi kuwa mchezaji wa mpira. Anajifunza kuwa mmiliki wa wachezaji. Katika matoleo ya karibuni ya michezo ya namna hiyo mambo yamekwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 2009 mchezo wa FIFA uliingiza utaratibu wa pakiti za kadi za wachezaji, ambazo mtu huweza kuzinunua kwa fedha halisi bila kujua ndani mna nini. Mwaka 2018 Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya bahati ya namna hiyo ni kamari. Hapo mpaka kati ya kucheza na kuchezeshwa umekwisha kuvukwa. Sisi tunaujua mpaka huo kwa sura nyingine: mashine za bonanza zinazomeza sarafu madukani. Sheria yetu ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 haimruhusu mtoto kucheza kamari, lakini sheria hailindi mlango wa duka ambalo mwenyekiti wa kitongoji hupita bila kuingia.

Nilitafuta Simba na Yanga katika orodha ya vilabu vya mchezo ule. Mwanzoni sikuviona. Kijana aliyeniuliza swali mkutanoni akacheka, akafungua sehemu nyingine. Yeye na wenzake walikuwa wamechukua vilabu viwili vya Ulaya wasivyovijali, wakavibadilisha majina, wakapaka jezi nyekundu na za kijani na njano, wakaandika wachezaji wetu mmoja mmoja. Kazi hiyo iliwachukua siku kadhaa. Hakuna aliyewalipa, hakuna aliyewafundisha. Lugha ya mashine ilikuwa Kiingereza, na wengi wao waliishia darasa la saba.

Nilirudi nyumbani nikitafakari hilo kuliko mabao sita. Mimi nilikuwa nimewaita vijana hao waathirika wa kasumba. Kumbe ndio peke yao katika kata nzima waliokuwa wameigusa kanuni ya mgeni na kuibadilisha. Mapambano ya utamaduni yalikuwa yamekwisha kuanza bila sisi.

Mfano wa Tanga na mfano wa bao

Je, vyombo hivi vinaweza kupangwa kwa maslahi ya wananchi? Jibu limekwisha kupatikana katika nchi yetu wenyewe. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika Mkoa wa Tanga, yalifanyika majaribio ya shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, kwa ushirikiano na Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye michezo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na kila kijiji kikawekewa sola ya kuchajia. Wengi wao hawakuwa wamesoma shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma neno ilishuka kwa takriban nusu. Mwezi Mei 2019 tuzo ya dola milioni 10 iligawanywa kwa timu mbili zilizoshinda, Kitkit School na onebillion, na programu zikaachwa wazi zitumiwe na yeyote.

Tuyapime matokeo hayo kwa macho mawili. Kwa jicho moja tunaona kwamba kioo kile kile kinachouza kamari kinaweza kumfundisha mtoto wa kijijini kusoma lugha yake, na kwamba lugha yetu inatosha kabisa kwa kazi hiyo. Kwa jicho la pili tunaona kwamba shindano lilibuniwa Marekani, tuzo ilitoka kwa tajiri, na vishikwambi vilitolewa na Google. Kilichofanyika kwa hisani hakina budi kugeuzwa kuwa mpango, ama sivyo hubaki kumbukumbu. Kazi ya Ubongo ya Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2014 imeonyesha katuni za hesabu na sayansi kwa Kiswahili, inathibitisha kwamba mikono na vichwa vya kazi hiyo tunavyo hapa hapa.

Kuna wanaosema tuachane na hayo yote turudi kwenye bao. Bao ni mchezo mkubwa, na inajulikana kwamba Mwalimu Nyerere aliupenda na kuucheza kwa wazee wenzake Butiama. Lakini tusidanganyane kuhusu bao. Bao nalo ni mchezo wa kuteka: unachukua kete za mwenzako na kuzipanda upande wako. Ubora wake uko katika uhusiano wa watu na chombo. Mashimo 32 yanaweza kuchimbwa ardhini, kete 64 zinaokotwa porini, kanuni ziko vichwani mwa wachezaji, na hakuna mtu wa mbali awezaye kuufunga mchezo kwa sababu hujalipa. Anayetazama anacheza pia, maana kila mtazamaji ana ushauri. Hicho ndicho kipimo cha kupimia chombo chochote cha starehe: nani anakimiliki, nani anaweza kubadili kanuni zake, na je, kinawakusanya watu au kinawatawanya?

Kwa kipimo hicho tunapata jambo la kushangaza. Kibanda cha shilingi 200, pamoja na umaskini wake, kiko karibu na kikundi cha redio cha mwaka 1973 kuliko sebule yenye televisheni ya mkopo. Pale kibandani mashine moja inatumiwa na watoto ishirini, kwa zamu, mbele ya macho ya watu. Upungufu wake ni kwamba faida ni ya mtu mmoja, saa hazina utaratibu, na hakuna mtu mzima anayejadiliana na watoto juu ya walichokiona. Upungufu huo unatibika. Marufuku hayatibu hata mmoja.

Majukumu

Kutokana na hayo, makada na wanafunzi wa siasa wana kazi nne.

Kwanza, kuchunguza kabla ya kukosoa. Kila mkufunzi ashike pedi angalau jioni moja. Atafungwa, na hilo litamfaa.

Pili, kuulinda ushirika wa matumizi. Mkutano wa kijiji una mamlaka ya kuweka saa za kibanda, kuzuia watoto wakati wa masomo, na kutenganisha kabisa gemu na kamari. Vijana wasaidiwe kumiliki mashine kwa ushirika wao, ili shilingi 200 zao ziwarudie.

Tatu, mikataba ya mikopo ya vifaa isomwe hadharani, kwa Kiswahili, kabla ya mtu kubonyeza. Kijiji kidai malipo yafuate msimu wa mavuno. Mkulima mmoja akidai hivyo atachekwa na wakala. Wakidai mia mbili, wakala atapiga simu makao makuu.

Nne, kutengeneza. Walioweza kubadili jezi bila mwalimu wanaweza kufundishwa kuandika programu. Shule za sekondari na vyuo vya ufundi vione hao kuwa wanafunzi wao, wasiwaone kuwa wahuni wa kibandani.

Jioni ya mwisho kabla ya kuondoka nilikwenda kwa mjomba, nikamwambia kwamba nimebadili msimamo na nitauandika. Hakufurahi. Alisema, "Ninyi wasomi mkipigwa bao mnaita utafiti." Lakini asubuhi, nikisubiri usafiri, nilimwona amesimama mlangoni mwa kibanda, mikono nyuma, akiwauliza watoto yule mwenye jezi ya kijani ni nani, na kwa nini hatoi pasi.